Mgagani wa Mama Chini ya Taa

Walionifundisha kuchagua taa ya kukuzia mimea ndani ya nyumba walikuwa wakulima wa bangi. Nalisema mapema ili asije mtu akalisema kwa niaba yangu. Walikuwa vijana wa Kanada, wenye ndevu na kofia za sufu, wanaojirekodi wakiwa katika vyumba vya chini ya nyumba zao, nami nikiwatazama kwa simu wakati wa mapumziko katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kule The Pearl, ninakopiga pasi mashuka na sare. Mwanamke wa umri wangu, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, najifunza bangi inavyokuzwa, tena nikiwa Doha, ambako ukikutwa hata na jani lake moja hakuna atakayekuuliza unasali wapi.

Sikutaka bangi. Nilitaka mgagani.

Sisi Wagusii tunauita chinsaga. Jirani zetu wana majina yao, saget, akeyo, na sokoni Nairobi utasikia tu saga. Ni mboga chungu, ya kwetu hasa. Mwanamke akijifungua anapewa hiyo ili damu irudi, na mgeni wa maana akija bila kuiona mezani anajua hakupendwa. Mgagani wa Mama ulikuwa wa shina la zambarau na jani pana, na haukuwa na haraka ya kutoa maua, kwa hiyo ulichumwa muda mrefu wakati wa wenzake umeshageuka kuni. Mama alipewa mbegu na mama mkwe wake siku alipokabidhiwa jiko lake mwenyewe. Mbegu ile haikuwahi kununuliwa. Ilitoka mkono wa mwanamke ikaingia mkono wa mwanamke.

Likizo yangu ya mwisho nyumbani, Mama alinifungia mbegu kwenye pembe ya leso na kuniambia nikapande huko ninakoishi. Nikamwambia, "Mama, huko ni mchanga na vioo."

"Kwani watu wa huko hawali?"

Nikacheka, nikaitia leso kwenye sanduku, na sanduku nikalisukuma chini ya kitanda cha chumba chetu Al Mansoura. Sikuifikiria tena.

Mama alifariki nikiwa katikati ya kubadilisha mwajiri. Karatasi zangu zilikuwa zimetoka kwa wa kwanza na hazijafika kwa wa pili, na mtu aliye katika hali hiyo hasafiri. Nilimzika kwa simu. Binamu yangu alishika ya kwake juu ya vichwa vya watu, mtandao ukawa unakwenda na kurudi, na picha ilikwama jeneza likiwa limeteremshwa nusu. Ilipozinduka, watu walikuwa tayari wanasawazisha udongo. Nikamwambia binamu arudishe nyuma, kama mtu anayetazama filamu. Akaniambia kwa upole kwamba haiwezekani.

Baada ya msiba kaka yangu alisafisha shamba la nyuma ya jiko ili ajenge vyumba vya kupangisha. Simlaumu sana, ana watoto wa kusomesha, ingawa siku nyingine namlaumu vizuri tu. Nilimpigia mama mmoja jirani yetu kumuuliza kama bado anao ule mgagani wa Mama, maana Mama alikuwa akigawa mbegu kila msimu. Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuona haya. "Siku hizi tunanunua ya pakiti, mwanangu. Ya mamako ilikuwa tamu, lakini ilichelewa." Basi nikakata simu, nikapiga magoti, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Ile leso ilikuwa na mbegu zote za mgagani wa Mama zilizobaki duniani.

Nusu ya kwanza niliiua mwenyewe. Nilipanda kwenye ndoo juu ya paa la jengo, kwa akili ya mtu wa milimani anayeamini jua ni rafiki wa kila mmea. Jua la Doha halina urafiki na mtu. Miche ilichungulia asubuhi, na niliporudi kazini udongo ulikuwa umekauka kama tofali, na ya kijani sikuiona tena. Dirisha la chumba chetu nalo linatazamana na ukuta wa jengo la pili na viyoyozi vyake, jua halifiki. Ndipo ikabidi nitafute jua la dukani.

Taa ya kwanza niliinunua mtaa wa Najma, katika duka la vifaa vya samaki wa mapambo. Mwenye duka, Mhindi mwenye adabu nyingi, aliniapia kwamba hiyo ni taa ya mimea, tena nambari moja. Nilipoiwasha chumba kizima kikawa cha zambarau. Tulikuwa watatu humo ndani: mimi, nesi mmoja binti wa Nakuru anayelala mchana na kwenda zamu usiku, na dada mmoja Mganda anayetandika vyumba katika hoteli nyingine, Mwislamu, mtulivu, mwenye binti yake mdogo Kampala. Nesi aliketi kitandani, akajifunika uso kwa mto.

"Auntie, aki! Hii sasa imekaa klabu. Kilichobaki ni di-jei na mlevi wa kwanza."

"Mlevi wa kwanza utakuwa wewe," nikamwambia. "Lala."

Lakini alikuwa na haki. Hata mlinzi wa jengo alinisimamisha chini mlangoni akaniuliza kama tumefungua saluni. Na miche minne niliyoipanda chini ya taa ile ilirefuka ikiwa myembamba kama uzi, ikaangukia upande mmoja, ikafa.

Hapo ndipo nilipowageukia wale vijana wa Kanada. Nitawapa haki yao: wanapenda mmea wao kwa moyo wote. Walinifundisha kutoamini wati zilizoandikwa kwenye boksi, maana boksi linasema lolote. Angalia umeme ambao taa inavuta kutoka ukutani. Walinifundisha kwamba taa za zambarau ni za zamani na zinachosha macho, na kwamba siku hizi nzuri ni ile nyeupe iliyochanganywa na nyekundu kidogo, inayofanana na mwanga wa asubuhi. Wakasema ukipata taa pana na bapa isiyo na feni, chukua hiyo, kwa sababu haipigi kelele wala haipashi chumba joto. Na kitu nilichokipenda zaidi, wakasema ukitaka kujua umbali, usipime kwa rula. Weka mkono wako pale kichwa cha mmea kitakapokuwa. Mkono ukiona vibaya, na mmea utaona vibaya.

Mama angewapenda vijana wale, angewapa uji.

Nikatafuta taa hiyo majuma mengi. Nilisoma maoni ya wanunuzi mpaka nikajua wanaosema kweli na wanaolipwa kusifu. Nilikataa moja kwa sababu ya feni, maana nesi analala mchana. Nilikataa nyingine iliyokuwa kubwa kuliko kitanda changu. Mwishowe nikapata bapa moja, nyeupe, yenye kitufe cha kupunguza mwanga, na nikaongezea hema. Hema lenyewe nililichukua kwa mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa akihama The Pearl. Alikuwa akikuzia stroberi humo. Ni kama kabati la nguo la kitambaa, jeusi kwa nje, la fedha kwa ndani, na zipu mbele. Mwanga ukiingia humo hautoki.

Shida ilikuwa nembo. Mlangoni pa hema palishonewa jani la kijani lenye vidole saba, kubwa kama kiganja. Tulisimama watatu tukalitazama.

"Banange," yule dada Mganda akasema. "Nyabo, hii kitu iliingia kwa jengo ikiwa imefunikwa?"

"Kwa blanketi."

Alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akaleta wembe, na tukalifumua lile jani uzi kwa uzi tukiwa tumekaa sakafuni, kama wanawake wanaofumua nywele za harusi. Matundu ya sindano yalibaki yakionyesha umbo lile lile. Nikashonea juu yake kiraka cha foronya kuukuu, na baada ya hapo hema likaonekana maskini lakini halina hatia.

Mbegu zilizobaki nilizipanda zote. Sita ziliota. Siku ile nilimshukuru Mungu kwa sauti, na nesi akaniuliza nimeshinda nini.

Sasa lazima nieleze chumba cha kupanga Doha kinavyoishi, maana bila hilo hutaelewa kosa letu. Katika chumba cha watu wa zamu kuna sheria moja tu isiyovunjwa: mtu akiwa amelala, taa kubwa haiwashwi. Na kwa kuwa wa usiku analala mchana, na wa alfajiri analala jioni, daima kuna mtu amelala. Nilikuwa nimeishi chumba kile muda mrefu bila kuona vizuri rangi ya mashuka yangu. Tulikuwa tunavaa gizani, tunakula gizani, tunatafuta soksi kwa tochi ya simu.

Halafu nikaleta hema. Ukifungua zipu nusu, mwanga mweupe unamwagikia pale mbele yake tu, kiasi cha mkeka mmoja, na anayelala hasumbuliwi. Hakuna aliyepanga lolote, lakini baada ya muda mfupi ule mkeka ulikuwa sebule yetu. Nesi akitoka zamu alisomea hapo mtihani wake wa leseni. Yule dada Mganda alisoma Kurani yake hapo kabla ya alfajiri, na jioni alimpigia binti yake simu ya video. Zamani mtoto alikuwa akilalamika kwamba anaongea na giza. Siku ya kwanza aliyomwona mamake vizuri alisogeza uso karibu na simu, akasema, "Mama, umekuwa mzee." Tulicheka sana. Mamake alicheka kutushinda, kisha akaenda bafuni akakaa huko kitambo.

Na mimi nilikuwa nikikaa tu. Niliangalia majani. Mimea ilistawi, shina la zambarau, jani pana, kila kitu kama nyuma ya jiko letu. Nilikuwa nikiyagusa majani na kubaki na ule unata wake vidoleni, na harufu yake, na kwa dakika chache Mama hakuwa amekufa. Nasema kweli. Sikuwa nimelia tangu mazishi, na hapo pia sikulia, ila nilipata pa kumweka.

Nesi ndiye aliyeona kwanza. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye vitabu vyake.

"Auntie, sitaki kukuogopesha. Lakini hii mboga yako inakaa kama ile kitu ya kwa nembo. Ona, vidole tano. Inanuka. Inanata. Iko kwa hema, chini ya taa. Mtu wa huku akiona, utamwambia ni saga?"

"Nitamwambia."

"Kwa lugha gani?"

Nikalishika jani moja nikalihesabu. Mgagani una vidole vitano ndivyo Mungu alivyouumba, na sikuwahi katika maisha yangu kufikiri kwamba unafanana na kitu kingine. Dada Mganda aliujua pia, kwao ni jobyo, na wanaupika. Lakini sisi watatu tulikuwa wanawake watatu tu katika jiji zima.

Nilitaka mbegu, kisha ningeing'oa yote na kulitupa hema. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yangu kwao. Mbegu zikauke, nizifunge, niende nazo nyumbani likizo ijayo, nimpe yule jirani, niwape wanawake wa kanisa, niwape hata wake wa wapangaji wa kaka yangu. Mgagani wa Mama uendelee kuwapo, nalo lilikuwa ndilo jambo la pekee nililokuwa nimebaki nalo la kumfanyia.

Lakini maua hayakuja. Mimea ilipanda ikagusa taa, nikaipandisha taa, ikagusa tena. Majani ya chini yakaanza kuwa ya manjano. Hata mgagani unaochelewa hauchelewi hivyo. Nikampigia mama jirani.

"Unaumwagilia?" Ndiyo. "Mbolea?" Ndiyo. Nikamweleza habari za taa na hema, na alivyokuwa anasikiliza nilijua anafikiri Uarabuni kumenichanganya akili. Kisha akauliza, kama anayeuliza jambo la kawaida, "Na usiku unalala saa ngapi?"

"Nani? Mimi?"

"Mgagani."

Nikageuka nikatazama chumba. Dada Mganda alikuwa kwenye mkeka na binti yake simuni. Akitoka yeye angekuja nesi, na akitoka nesi ningekaa mimi. Wale vijana wa Kanada walikuwa wamelisema wazi, kwamba mmea unaotaka majani mpe mwanga mrefu, na ukitaka maua mpe usiku mrefu. Nilikuwa nimelisikia nikadhani ni mambo ya bangi yao. Mmea wa Mama ulikuwa haujawahi kuona usiku tangu uote, kwa sababu sisi watatu tulikuwa tumeufanya kuwa taa yetu.

Niliona aibu kuwaambia. Nilijua ninachowaomba. Lakini dada Mganda hakuniacha nimalize. Alifunga simu, akasogeza mkeka, akavuta zipu ya hema hadi chini na kuzima taa kwenye ukuta.

"Wacha ilale, nyabo. Hata sisi tulikuwa tunaishi bila hiyo taa."

Tangu jioni ile, jua likizama nje, hema lilifungwa mpaka asubuhi. Jioni kabla ya zamu nesi alisomea ngazini, akiwa amekaa kwenye gazeti. Dada Mganda alimpigia binti yake akiwa amesimama chini ya balbu ya korido, watu wakipita na mifuko ya sokoni, na sauti yake ilikuwa imepungua kwa sababu mtu hamwambii mtoto kila kitu mbele ya wapita njia. Hawakulalamika hata mara moja. Ningependelea walalamike.

Na maua yakaja. Meupe yenye wekundu kidogo, na masharubu marefu. Ndani ya hema hakuna nyuki, nikawa nyuki mimi, nikipita na brashi ya vipodozi ya nesi kutoka ua hadi ua. Kisha maganda yakachomoza, membamba, marefu, yakizidi kunenepa. Sasa ilikuwa ni kungoja tu. Ganda la mgagani halikatwi likiwa la kijani, mbegu yake bado ni maji. Unangoja lipate manjano, na unawahi kabla halijapasuka.

Siku yenyewe nilikuwa kazini. Simu zetu tunazifungia kwenye makabati mwanzo wa zamu, ndiyo sheria ya hoteli. Nilipiga pasi sare za wapishi tangu asubuhi, na nilipotoka nikapanda basi la wafanyakazi bila hata kuangalia simu, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu nilikuwa na furaha. Asubuhi ile nilikuwa nimeona ganda moja la chini limeanza kubadilika kwenye ncha.

Nilipofika ghorofa ya pili nilisikia harufu. Nilisimama na mkono kwenye ukuta. Mtu yeyote wa kwetu anaijua harufu hiyo, ile ya mgagani ukichemka sufuriani, inayokaa kwenye nguo na nywele. Mwili wangu ulifurahi kabla ya akili yangu. Niliwaza, kuna Mgusii amehamia jengo hili. Nilipanda ngazi nne au tano nikitabasamu peke yangu. Halafu nikakumbuka ni wapi tu katika Doha yote mgagani unaweza kutoka.

Dada Mganda alikuwa jikoni, bado na sare yake ya kazi. Nesi alikuwa amesimama pembeni, kanga juu ya nguo ya kulalia. Hema lilikuwa limekunjwa, limesimamishwa nyuma ya mlango. Juu ya jiko kulikuwa na sufuria yetu kubwa.

"Nilikupigia simu mingi," akasema. "Mingi sana, nyabo."

Mlinzi wa jengo alikuwa amepanda mbio kuwaambia kwamba mandubu wa mwenye nyumba, yule anayeshughulikia karatasi zake zote, anakuja baada ya sala ya alasiri pamoja na watu wa manispaa, kukagua vyumba vilivyogawanywa kwa mbao. Wataingia kila mlango. Hawakuwa na muda. Kutupa kwenye taka ya jengo kungeonekana. Kuvuta maji chooni, mashina yangeziba. Nesi alikuwa analia. Dada Mganda ndiye aliyefikiri kwamba kitu kilichopikwa hakimfungi mtu.

"Waliingia," nesi akasema. "Mmoja akafunua sufuria, auntie. Akafunua kabisa. Akauliza ni nini."

"Nikamwambia mulukhiya, kama ile mboga yao ya majani," dada Mganda akasema. "Mulukhiya ya kwetu Afrika. Akanusa, akakunja pua, akatutakia afya, akaenda zake."

Nilienda kwenye pipa la takataka la jikoni nikapiga magoti. Mashina yalikuwa humo, yamekatwa vipande vidogo, na maganda. Nilichukua lile lenye ncha ya manjano, nikalipasua kwa kucha. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini, zikapondeka kidoleni. Nikapasua jingine. Nikapasua yote. Wao walisimama wakiniacha nifanye, na hakuna aliyeniambia niache.

"Nisamehe," dada Mganda akasema nyuma yangu. "Nilijua ni nini. Nilijua ni ya nani. Lakini wewe ungefungwa, na mimi ningesema nini kwa watu wako?"

Nilitaka kumkasirikia. Niliitafuta hasira hiyo kila mahali moyoni, na ninayo ya kutosha kwa kawaida, kaka yangu ni shahidi. Sikuipata. Alikuwa sahihi. Mtu anayekupenda alikuwa ameuangamiza mmea wa mamako ili wewe usiangamie, na ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo, ila ningesita zaidi na pengine tungekamatwa.

Nesi alisonga ugali, kwa sababu hakuna aliyejua jambo lingine la kufanya. Tukaketi sakafuni pale hema lilipokuwa, na nikafunua sufuria. Mgagani unataka muda. Kwetu unachemshwa, unatiwa maziwa, unalala mpaka kesho yake, ndipo uchungu unatulia. Huu ulikuwa umepikwa kwa hofu, kwa maji na chumvi, majani na maua na vikonyo pamoja. Ulikuwa mchungu wa kukausha ulimi.

Dada Mganda hakugusa. Alikuwa ameweka mikono mapajani.

"Siwezi, nyabo. Hiyo ni mama yako."

"Ndiyo," nikamwambia. "Siku tuliyomzika watu walipewa chakula uani, mabakuli kwa mabakuli, mimi niliwaona kwenye simu wakila. Hakuna aliyenipa. Kwetu chakula cha msiba hakiliwi na mtu mmoja. Sogea."

Akasogea. Alikata tonge, akachovya, akatafuna, na machozi yakamtoka bila sauti. Nesi naye akala. Nami nikaanza kulia, kwa sauti, mdomo ukiwa na chakula, kilio kile cha kwetu cha kumwita marehemu, na majirani wakagonga ukuta, na wale wawili hawakuninyamazisha. Nilimlilia Mama mpaka sauti ikakatika. Kisha nikamega tonge jingine, maana sufuria ilikuwa bado na mboga, na nilikuwa nimeamua kwamba haitalala.